Damu nyuma ya jicho: Dharura isiyoweza kungoja safari ya Nairobi

MJI wa Kenol katika Kaunti ya Murang'a haukupewa jina na mto wala ukoo, bali na kituo cha mafuta kilichokuwa kando ya barabara kuu. Hapo ndipo barabara ya kuelekea Sabasaba, Maragua na mjini Murang'a inapoachana na ile iendayo Sagana, Karatina na Nyeri. Matatu hupakia abiria tangu alfajiri hadi usiku, wahudumu wa bodaboda hujipanga kwenye pembe za barabara, na malori yatokayo upande wa Mlima Kenya hupita yakiwa na shehena za ndizi, parachichi, chai na kahawa.

Penye magari, pikipiki na watu wengi, majeraha ya uso hayakosi. Mengi hupona kwa kushonwa nyuzi chache na kumeza dawa za maumivu. Lakini lipo moja ambalo likitazamwa kwa haraka halionekani kuwa kubwa, nalo huweza kulipofusha jicho lenye afya kwa muda mfupi kuliko ule unaotumika kusafiri kutoka Kenol hadi Nairobi, kuandikisha jina na kungoja daktari bingwa. Jeraha hilo ni kuvuja kwa damu nyuma ya jicho, hali ambayo kitabibu huitwa hemoraji ya retrobulba.

Hali hiyo si ya kawaida, na daktari wa hospitali ndogo anaweza kufanya kazi miaka mingi bila kukutana nayo. Uhaba huo ndio unaoifanya iwe hatari zaidi. Inapotokea, mara nyingi humkuta mhudumu ambaye hajawahi kuiona, usiku, akiwa na wagonjwa wengine wanaotokwa na damu mbele yake.

Ili kuelewa namna jicho linavyopofuka bila lenyewe kupasuka, ni lazima kwanza kuufahamu mwili ulivyojengwa mahali hapo. Jicho limekaa ndani ya tundu la mifupa lenye umbo la piramidi iliyolazwa, ncha yake ikielekea ndani ya kichwa. Tundu hilo kwa mtu mzima lina ujazo wa takriban mililita 30, yaani vijiko sita vya chai. Jicho lenyewe huchukua karibu mililita 7. Nafasi inayosalia imejaa mafuta, misuli inayoligeuza jicho, mishipa ya damu, na neva inayopeleka picha kwenye ubongo.

Pande zote za tundu hilo ni mifupa isiyotanuka. Mbele kuna kope, na kope nazo zimefungwa kwa kano imara kwenye mifupa ya pembe mbili za jicho, mfano wa machela iliyokazwa kwenye miti miwili. Kwa sababu hiyo, damu ikivuja nyuma ya jicho haina mahali pa kwenda. Kwanza hulisukuma jicho mbele kadiri kope zinavyoruhusu. Zikishakazana hadi mwisho, kila tone linaloongezeka hupandisha shinikizo.

Mtu aliyewahi kukanyaga mpira wa kunyunyizia maji shambani anaelewa kinachofuata. Shinikizo ndani ya tundu likiishinda nguvu ya damu inayoingia kwenye mishipa midogo ya jicho, damu hukoma kupita. Retina, yaani utando ulio nyuma ya jicho unaopokea mwanga, hukosa hewa ya oksijeni. Neva ya jicho nayo hubanwa. Jicho huwa halijakatwa popote wala halijapoteza umbo lake, ila linakosa hewa kama mtu aliyekabwa koo.

Swali la muda ambao retina inaweza kustahimili hali hiyo lilichunguzwa na Sohan Singh Hayreh, mtaalamu wa macho wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1980, aliizuia damu isifike kwenye retina za nyani kwa vipindi tofauti. Retina zilistahimili kwa muda wa zaidi kidogo ya saa moja na nusu. Zilipofikishwa dakika 105, madhara ya kudumu yalikuwa yamekwisha kuonekana. Binadamu si nyani, na katika ajali halisi damu huenda isizuiwe yote kwa mara moja. Hata hivyo, hesabu hiyo ndiyo iliyowafanya madaktari kote ulimwenguni wakubaliane kwamba shinikizo lapasa kuondolewa ndani ya saa moja ikiwezekana, na lisiachwe kuvuka saa mbili.

Saa mbili si muda mrefu kwa mtu aliyeanguka na pikipiki njiani kati ya Kenol na Sabasaba. Tuseme ameanguka saa mbili usiku. Wasamaria wema wanamwinua, wanatafuta simu yake na kumpakia kwenye gari. Saa mbili na nusu yuko kwenye kliniki ya karibu. Anasafishwa, anashonwa juu ya nyusi, anaambiwa uvimbe utashuka. Saa tatu analalamika kwamba jicho linamuuma kupita kiasi na haoni. Barua ya kumtuma hospitali kubwa inaandikwa, ambulensi inatafutwa. Akipelekwa Maragua au Thika, huenda akafika saa tatu na nusu, kisha kuna foleni, kadi, na daktari wa zamu anayempigia simu mwenzake aliye Nairobi. Mwenzake anasema mgonjwa aletwe. Saa nne usiku imegonga, na saa mbili zimekwisha ilhali hakuna aliyezembea kwa makusudi. Kila mmoja amefanya alichofundishwa, yaani kumpeleka mgonjwa kwa anayejua zaidi.

Katika magonjwa mengi ya macho utaratibu huo ni sahihi. Mtu mwenye mtoto wa jicho anaweza kungoja mwezi au mwaka. Mwenye presha ya macho ya polepole anaweza kupangiwa siku ya kliniki. Damu iliyovuja nyuma ya jicho haina subira hiyo, na ndiyo maana miongozo ya matibabu ya dharura inataka tiba yake ifanywe mahali pa kwanza ambapo mgonjwa anakutana na daktari au afisa wa kliniki aliyefunzwa kuifanya, hata kama mtu huyo si mtaalamu wa macho.

Jicho jeusi na jicho linalokufa

Kazi ngumu ni kuitambua. Karibu kila mtu aliyepigwa ngumi usoni huvimba kope na kuwa mweusi kuzunguka jicho, na wengi wao hawana hatari yoyote. Tofauti iko katika mambo machache ambayo hata mtu asiyekuwa na mashine anaweza kuyaona.

Kwenye uvimbe wa kawaida, kope huwa laini kama mkate uliolowa. Zikifunguliwa taratibu, jicho lililo ndani huonekana limekaa mahali pake, hugeuka huku na huku, na mgonjwa huhesabu vidole bila taabu. Kwenye damu iliyokusanyika nyuma, kope hukazana na kuwa ngumu kama ngoma, na mara nyingi ni vigumu hata kuzifungua. Jicho husogea mbele likilinganishwa na la pili, jambo linaloonekana vizuri zaidi mgonjwa akitazamwa kutoka juu ya paji lake. Weupe wa jicho hujaa damu na kufura. Mgonjwa akiambiwa atazame juu, kushoto au kulia, jicho linasogea kidogo tu au linakataa kabisa.

Maumivu yake ni makali, ya kubana kutoka ndani, nayo huambatana na kichefuchefu na kutapika. Hapo ndipo wengi hudanganyika. Mgonjwa wa ajali anayetapika hudhaniwa ameumia ubongo, naye hulazwa achunguzwe kichwa huku jicho likisahaulika. Ni kweli kwamba ubongo lazima uchunguzwe, lakini kulitazama jicho huchukua dakika mbili.

Dalili yenye uzito kuliko zote ni kupungua kwa uwezo wa kuona. Kwa hiyo kila mtu aliyeumia usoni anapasa kuulizwa anaona nini kwa kila jicho peke yake, jingine likiwa limezibwa, na jibu liandikwe pamoja na saa. Kuna wagonjwa ambao hawajui kwamba jicho moja limezima kwa sababu kope zimevimba na wanaona kwa lile jingine. Anayepoteza rangi kwanza husema kitu chekundu, kwa mfano kifuniko cha chupa, kinaonekana kama kimefifia au kina rangi ya udongo.

Mgonjwa aliyezirai au aliyelewa hawezi kujibu maswali hayo, na Jumamosi usiku wengi wanaofikishwa hospitalini wakiwa wamepigwa huwa katika hali hiyo. Kwao hutumiwa tochi. Mwanga ukimulikwa kwenye jicho zima, mboni za macho yote mawili husinyaa. Tochi ikihamishiwa haraka kwenye jicho lililoumia, mboni ambayo ingepasa kubaki imesinyaa hupanuka badala yake. Maana yake ni kwamba mwanga unaingia lakini neva haiupeleki ubongoni. Ishara hiyo haihitaji umeme wala lugha.

Pale penye kipimo cha shinikizo la jicho, kazi huwa rahisi zaidi. Shinikizo la kawaida ni kati ya milimita 10 na 21 za zebaki. Likivuka 40 kwa mtu aliyeumia na ambaye jicho limetokeza, miongozo mingi hutaka hatua ichukuliwe papo hapo. Pasipo kipimo, mhudumu mwenye ujuzi hulinganisha ugumu wa macho mawili kwa ncha za vidole juu ya kope zilizofungwa, na lililojaa damu nyuma huhisika kama jiwe. Lakini kuna onyo moja kubwa: iwapo kuna dalili kwamba jicho lenyewe limetoboka, kwa mfano mboni imekaa mshazari kama tone la machozi, jicho limesinyaa, au kuna kitu kimechoma ndani, halipaswi kubonyezwa hata kidogo. Hilo hufunikwa kwa kikombe kigumu kisicholigusa na mgonjwa hupelekwa kwa daktari wa upasuaji wa macho.

Si kila jicho jekundu au lililotokeza lina dharura hii. Doa jekundu linaloonekana kwenye weupe wa jicho baada ya mtu kukohoa sana au kuinua mzigo mzito, bila maumivu wala kupungua kwa kuona, hutokana na mshipa mdogo uliopasuka juu juu, nalo hufutika lenyewe kwa wiki mbili hivi. Watu hulihofu bure. Damu inayovuja ndani ya jicho lenyewe, kama inavyowapata baadhi ya wenye kisukari, huharibu kuona lakini hailisukumi jicho nje. Nalo jicho la mtoto linalotokeza polepole kwa majuma au miezi huenda likawa na uvimbe wa saratani, jambo zito ambalo nalo linahitaji hospitali bila kuchelewa, ingawa si kwa dakika.

Mkato wa sentimita moja

Tiba ya damu nyuma ya jicho huwashangaza watu kwa udogo wake. Haimhitaji daktari aifikie damu yenyewe. Anachofanya ni kukata kano inayoifunga kope kwenye pembe ya nje, ili jicho lipate nafasi ya kusogea mbele na shinikizo lishuke. Ile machela iliyokazwa inafunguliwa upande mmoja.

Mgonjwa hulazwa kichwa kikiwa kimeinuliwa kidogo. Ngozi ya pembe ya nje ya jicho husafishwa, kisha hudungwa dawa ya ganzi iliyochanganywa na adrenalini, sindano ikielekezwa mbali na jicho. Koleo jembamba hubana ngozi ya pembe hiyo kwa muda wa dakika moja hivi ili kupunguza kutoka damu. Halafu mkasi hukata mlalo kutoka kwenye pembe kuelekea mfupa wa shavuni, kiasi cha sentimita moja.

Wengi wasioizoea kazi hii huishia hapo, nalo ni kosa. Mkato wa ngozi peke yake haushushi shinikizo kwa kiasi cha kutosha. Kope ya chini lazima ivutwe mbele, daktari aitafute kano kwa ncha ya mkasi akiipapasa kama mtu anayegusa waya wa gitaa, kisha aikate akiuelekeza mkasi chini. Ikikatika, kope hulegea ghafla na kuachana na jicho. Kulegea huko ndiko kunakoonyesha kwamba kazi imekamilika. Shinikizo hupimwa tena. Likiwa bado juu, tawi la juu la kano nalo hukatwa. Kwa mikono iliyozoea, yote hayo huchukua dakika chache.

Vifaa vinavyohitajika ni glavu, sindano, dawa ya ganzi, koleo na mkasi, na vyote vimo katika chumba chochote cha kushonea majeraha. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu aliyewahi kufundishwa kuifanya, na pengine ujasiri wa kuikata pembe ya jicho la mtu saa nne za usiku bila kuagizwa na mtaalamu. Hofu hiyo inaeleweka. Lakini kovu la pembe ya jicho huwa dogo, mara nyingi jeraha huziba lenyewe au hushonwa siku chache baadaye, ilhali neva ya jicho ikishakufa haishonwi na yeyote, awe Nairobi au London.

Picha ya CT huonyesha damu ilipokusanyika, na ni muhimu kwa kutazama mifupa na ubongo. Haipaswi, hata hivyo, kungojwa kabla ya mkato huo. Mashine zenyewe hazipo kila hospitali, na hata palipo nazo, foleni yake ikichukua nusu saa, hiyo ni nusu saa iliyoibwa kutoka kwenye ile hesabu ya Hayreh. Dalili zikionekana wazi, mkato hutangulia na picha hufuata.

Dawa husaidia, ila hazishiki nafasi ya mkasi. Asetazolamidi, ambayo kwa kawaida hutolewa miligramu 500 kupitia mshipa, hupunguza maji yanayotengenezwa ndani ya jicho, na timololi ya matone hufanya hivyo pia. Manitoli huvuta maji kutoka kwenye jicho na kuyatoa kwa njia ya mkojo. Kwa majeruhi wa ajali ya barabarani kuna tahadhari: aliyepoteza damu nyingi au mwenye figo dhaifu anaweza kudhuriwa na manitoli, mwenye seli mundu anaweza kudhuriwa na asetazolamidi, na mwenye pumu anaweza kubanwa kifua na timololi. Mgonjwa hupewa pia dawa ya kuzuia kutapika, kwa kuwa kila anapojikaza shinikizo hupanda.

Ajabu moja inayotajwa na madaktari wa upasuaji ni kwamba mgonjwa aliyevunjika mfupa mwembamba wa sakafu ya tundu la jicho wakati mwingine hunusurika kuliko yule ambaye mifupa yake yote ni mizima. Damu hupata upenyo na kushukia kwenye uwazi ulio ndani ya shavu. Haifai kutegemewa, maana upenyo huo unaweza kuzibwa na mafuta au damu iliyoganda.

Si ajali peke yake

Barabara ndiyo humtanguliza mtu kufikiria pikipiki, lakini jicho huweza kujaa damu nyuma kwa njia nyingine nyingi. Pembe ya ng'ombe wakati wa kukamua, mpini wa jembe uliochomoka, ukuni uliomrukia mpasuaji, ngumi ya mlevi au ya mume, mpira uliopigwa kwa nguvu: vyote vimewahi kufikisha watu kwenye kliniki za macho. Mzee anayetumia dawa za kuzuia damu isigande, kwa mfano wafarini au aspirini, anaweza kuvuja damu nyingi kutokana na pigo dogo la kujikwaa mlangoni.

Sababu nyingine hutokea hospitalini kwenyewe. Upasuaji wa mtoto wa jicho, ambao umewarudishia nuru maelfu ya wazee katika sehemu za Mlima Kenya, mara nyingi hufanywa kwa sindano ya ganzi inayodungwa kando au nyuma ya jicho. Desturi ya kutia ganzi nyuma ya jicho ilianza mwaka 1884, pale Hermann Knapp alipotumia kokeini, muda mfupi baada ya Carl Koller kugundua kwamba dawa hiyo inatia jicho ganzi. Mara chache ncha ya sindano hutoboa mshipa wa damu, na jicho huanza kukaza mbele ya daktari. Hatari hiyo ndiyo mojawapo ya sababu zilizowafanya wataalamu watafute njia nyingine, ikiwamo ile iliyoenea tangu miaka ya 1990 ya kupitisha dawa chini ya utando wa jicho kwa bomba butu lisilo na ncha. Anayepatwa na tatizo hilo akiwa kitandani mwa upasuaji ana bahati kuliko aliyeanguka barabarani, kwa sababu mtu mwenye mkasi yuko kando yake. Upasuaji wa kope na ule wa uwazi wa pua pia unaweza kuleta hali hiyo, wakati mwingine saa kadhaa baada ya mgonjwa kurudi nyumbani.

Mengi huharibikia njiani, kabla daktari hajamwona mgonjwa. Kulifunga jicho lililovimba kwa bendeji ya kukaza, ambako jamaa hufanya kwa nia njema, huongeza shinikizo lile lile linaloliua. Kumpa mgonjwa aspirini au ibuprofeni kwa ajili ya maumivu kunaweza kuzidisha kuvuja kwa damu. Parasetamoli ni salama zaidi. Kupenga kamasi baada ya kuumia uso husukuma hewa kutoka puani hadi nyuma ya jicho ikiwa mfupa umepasuka. Kumkanda kwa maji moto siku hiyo hiyo nako hakufai. Aliyeumia huketishwa au hulazwa kichwa kikiwa juu, isipokuwa shingo au mgongo ukishukiwa kuvunjika, na anayemsindikiza hukumbuka saa ambayo kuona kulianza kupungua, kwa kuwa hilo ndilo swali la kwanza ambalo daktari makini ataliuliza.

Helmeti ambayo sheria ya trafiki inamtaka mwendeshaji wa pikipiki na abiria wake kuvaa huokoa kichwa, na ikiwa na kioo cha mbele hulinda macho pia. Bahati mbaya, helmeti nyingi zinazoonekana zikining'inia kwenye usukani wa bodaboda hazina kioo, na ya abiria mara nyingi haipo kabisa.

Pesa nayo huchukua dakika zake. Kifungu cha 43 cha Katiba ya mwaka 2010 kinasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura, na Sheria ya Afya ya mwaka 2017 ikaweka adhabu kwa kituo kinachokiuka haki hiyo. Kati ya miaka hiyo miwili, mnamo 2015, Wakenya walishtushwa na habari za mtu aliyegongwa na gari akakaa saa 18 ndani ya ambulensi akizungushwa kati ya hospitali, na hatimaye akafariki. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii, iliyounda hazina maalumu ya kugharimia dharura na maradhi mahututi, na Oktoba 2024 mfumo mpya ukachukua nafasi ya NHIF. Tatizo ni kwamba dharura ya jicho haionekani kama dharura. Mgonjwa anapumua, anaongea, anatembea kwa miguu yake hadi kwenye dirisha la malipo, na karani hana sababu ya kumtanguliza mbele ya anayevuja damu mguuni.

Eneo la Kenol si la mbali kama zilivyo kaunti za kaskazini mwa Kenya. Barabara pana ya Nairobi hadi Thika ilikamilika mwaka 2012, na ile ya kutoka Kenol kupitia Sagana hadi Marua karibu na Nyeri, yenye urefu wa kilomita 84, ikaanza kupanuliwa mwaka 2020. Kitengo cha macho cha Hospitali ya PCEA Kikuyu, ambacho hupokea wagonjwa kutoka kote nchini, hakiko mbali sana kwa mwenye gari. Lakini lami nzuri humshawishi mhudumu wa kwanza ajiambie kwamba mgonjwa atafika tu. Madaktari bingwa wa macho wengi wako Nairobi na katika miji mikubwa. Wanaobaki karibu na wananchi ni maafisa wa kliniki, baadhi yao wakiwa wamesomea macho katika Chuo cha Mafunzo ya Matibabu cha KMTC. Hao ndio watakaomkuta mgonjwa ndani ya saa ya kwanza, na kwa hiyo mkato huu ungefaa kufundishwa kwa kila anayekaa zamu ya usiku, sawasawa na anavyofundishwa kumsaidia mama anayevuja damu baada ya kujifungua bila kungoja daktari wa uzazi afike.

Saa mbili zikishapita, mlango haujafungwa kabisa. Kuna wagonjwa walioandikwa kwenye majarida ya kitabibu ambao hawakuona hata mwanga walipofika hospitalini, wakakatwa kano wakiwa wamechelewa, na bado wakarudishiwa sehemu ya kuona kwao. Kwa sababu hiyo madaktari hushauriwa kuifanya kazi hiyo hata pale ambapo hesabu ya saa inawakatisha tamaa, maadamu hawana uhakika ni lini hasa damu ilikoma kufika kwenye retina.

Baada ya mkato, mgonjwa halali usingizi mzito usiku huo. Damu inaweza kuanza kuvuja upya, na shinikizo kupanda tena ingawa kano imekatwa. Kichwa chake huinuliwa kwa mito, jicho huachwa bila kufungwa, na barafu huwekwa kwenye paji au shavu, si juu ya jicho lenyewe. Muuguzi humwamsha mara kwa mara, huliziba jicho zima kwa kiganja, humnyooshea vidole, na kuandika kwenye faili saa na idadi aliyoitaja.